Ruhusa ya Mwindaji Yakomea Wapi?

Hatuna neno na mtu awindaye ayala kwa ajili ya kitoweo. Ameingia mwituni na haja yake, naye aweza kuitaja mbele ya watu bila haya. Lakini mwituni hamkai ayala peke yake. Mwindaji aliyejibanza kimya tangu alfajiri, wanyama humsahau, na mara hujitokeza mbele ya bunduki yake yule ambaye hakumfuata. Je, ruhusa aliyokuja nayo yamhusu na huyu?

Aldo Leopold, Mmarekani mtaalamu wa misitu, aliandika habari ya namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mwaka 1909, akiwa kijana wa miaka 22, alikuwa na wenzake milimani Arizona wakila chakula cha mchana juu ya genge. Chini yao waliona mnyama akivuka mto, wakadhani ni ayala jike. Alipopanda ukingoni na kujikung'uta maji, kumbe ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, na watoto wake, wakubwa kiasi, wapata sita, wakamrukia kwa furaha wakitikisa mikia. Papo hapo bunduki zikalia. Leopold alishuka akamkuta mama yungali na uhai, akayaona macho yake yakizimika.

Kwa nini walipiga? Hawakuwa na njaa, wala mnyama hakuwatisha. Walidhani ya kwamba mbwa mwitu wakipungua, ayala watazidi. Baadaye Leopold aliona milima isiyo na mbwa mwitu ikiliwa miche na vichaka na ayala, hata hao wenyewe wakafa njaa. Wataalamu wa leo wangali wakibishana juu ya kadiri ya jambo hilo, mahali na mahali.

Basi tuseme hesabu yao ilikuwa sahihi, na ayala wangalizidi kweli. Je, risasi zile zingalikuwa halali? Sisi twaona sivyo. Mfugaji aliyeliwa kondoo wake ana hoja, wala hatuthubutu kumhukumu tukiwa tumeketi mezani na kalamu. Vijana wale hawakuwa na zizi la kulinda. Walimwua mshindani wao, aliyewinda ayala kama wao, ila yeye huishi kwa kuwinda. Haja ndiyo impayo mtu ruhusa; isipokuwapo haja, wingi wa risasi hauleti ruhusa. Tena walifyatua kabla ya kuuliza lolote, na hilo ndilo lituogofyalo zaidi, maana mkono ulikwisha kuzoea kuitangulia akili. (Kwetu nako, zamani za ukoloni, maofisa wa wanyama waliwapiga risasi mbwa mwitu wenye mabaka kana kwamba ni panya ghalani, leo kuwaona ni bahati.)

Leopold hakuacha kuwinda. Hilo latupendeza, kwa sababu laonyesha ya kuwa mtu aweza kuishika bunduki na bado akajua imhusuyo nani.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilianza kuwarudisha mbwa mwitu katika milima ya Arizona. Wawindaji wa ayala hukutana nao njiani. Wengi huwaacha wapite. Lakini baadhi ya wanyama hao wamekwisha kuokotwa wamekufa, na risasi mwilini, kinyume cha sheria.