Kabla ya Kwenda kwa Daktari, Tuahidiane Nini?



Safari hii tunapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: mume na mke wamekaa miaka bila mtoto, na sasa wanataka kutafuta matibabu. Hapa Nakivale, kama kule kwetu, mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Dada asiye na mtoto huisikia huzuni yake kila anapoitwa kwa jina lake mwenyewe.

Wengine hutuuliza: kutafuta daktari kwa ajili ya uzazi si kukosa imani? Hatuoni hivyo. Isaka alimwomba Mungu kwa ajili ya Rebeka mkewe, na tukihesabu miaka inayotajwa katika Mwanzo 25, walisubiri miaka 20. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Anayeomba na anayemeza dawa anaweza kuwa mtu mmoja.

Swali gumu ni hili: tutafanya nini na yale tutakayoyajua? Matibabu huanza na vipimo, na vipimo huleta majibu. Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha kwamba tatizo liko upande mmoja, na siku hiyo ndoa itajaribiwa. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza si nauli ya kwenda Mbarara. Maandalizi ya kwanza ni ahadi ambazo mume na mke wanapeana kabla ya kutoka nyumbani.

Ahadi ya kwanza: tutapimwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Sababu yaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke, lakini ni akina baba wangapi hukubali? Mama hutumwa peke yake, hunyweshwa mizizi, huombewa mbele ya watu, naye baba amekaa. Hata aliyezaa zamani apimwe, maana mwili hubadilika. Kama wawili ni mwili mmoja, haiwezekani nusu ya mwili iende hospitali na nusu ibaki ikingojea kulaumu.

Ahadi ya pili: ukweli utakaosemwa mbele ya daktari hautakuwa silaha nyumbani. Daktari atauliza juu ya magonjwa ya zamani. Kisonono na klamidia visipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, na maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka huweza kufanya hivyo pia. Ndugu, tunajua njia tulizopitia kutoka Kivu. Wako dada zetu ambao miili yao ilidhulumiwa vitani, na ugonjwa uliobaki haukuwa dhambi yao. Wako pia akina baba wenye mambo ya ujana ambayo hawajayasema. Je, mke analazimika kumweleza mume kila kitu? Sisi tunaona hivi: daktari aambiwe yote yanayohusu matibabu, na kila mmoja ana haki ya kuonana naye peke yake. Lakini mume asidai siri kwa nguvu. Ajenge kwanza nyumba ambayo ndani yake siri inaweza kusemwa bila hofu. Ukweli hauvutwi kama jino.

Ahadi ya tatu: tutajua mahali pa kusimama. Mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004. Njia hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi, na si kila anayelipa hupata mtoto. Kwa bahati nzuri, wengi husaidiwa kwa njia nyepesi zaidi. Hata hivyo, semeni mapema: tutauza nini, na nini hatutauza? Mgao wa chakula? Karo ya mtoto wa marehemu ndugu tunayemlea? Tena, tutakubali mbegu au yai la mtu mwingine? Mimba changa zitakazobaki maabara zitafanywa nini? Maswali haya yakiulizwa siku ya kulipa, hofu ndiyo itakayojibu.

Ahadi ya nne ndiyo nzito kuliko zote: mtoto hatakuwa deni. Wengi wetu tumezika watu, na wazee wanatuambia tuzae ili majina yasipotee. Tunaelewa maumivu hayo. Lakini mke hakuolewa ili alipe wafu wa ukoo, na mtoto hazaliwi ili awe badala ya mwingine. Abramu na Sarai walipomtumia Hajiri ili kupata mtoto (Mwanzo 16), machozi yalimpata asiyekuwa na neno. Elkana alimpenda Hana kabla Samweli hajazaliwa. Upendo huo ndio tunaouomba: usiongojea majibu.

Baada ya ahadi hizo, fanyeni na haya madogo. Kama mmejaribu mwaka mzima bila mimba, nendeni; kama mama amefika miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Andikeni tarehe za hedhi. Chukueni karatasi zote za vipimo vya zamani, na mtajieni daktari kila dawa, hata za miti shamba. Mama aulize kuhusu vidonge vya asidi ya foliki. Baba aache sigara na pombe mapema, kwa sababu mbegu huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Pimeni virusi vya UKIMWI pamoja. Mkikutwa navyo, msikate tamaa. Kwa dawa, wengi huzaa watoto wasio navyo.

Na kwenu, kanisa: tuache kuuliza "bado?" kwenye foleni ya maji. Tusiwapangie wengine wiki ya muujiza wao. Dada asiye na mtoto apewe kazi na heshima kwa jina lake mwenyewe, maana hilo ndilo Mungu analomwitia.

Kama majibu yatakuwa mtoto, tutafurahi pamoja. Kama hayatakuwa mtoto, wawili warudi nyumbani wakiwa bado wawili, nasi tuwe mlangoni kuwapokea.

Bwana awalinde. Amina.