Je, Tunamwona?



Katika Luka 7, Bwana alimwuliza Simoni Mfarisayo kama anamwona yule mwanamke aliyelia miguuni pake. Swali la ajabu, maana macho ya wote mezani yalikuwa kwake.

Tumfikirie Linda Boreman wa Marekani, aliyeitwa Linda Lovelace. Mwaka 1972 alitokea katika sinema ya ngono iliyoingiza mamilioni ya dola. Malipo yake, alisema, yalikuwa dola 1,250, nazo mumewe alizichukua. Alipokwisha kuiacha kazi hiyo alitoa kitabu, mwaka 1980, akieleza kwamba mumewe alimlazimisha kwa kipigo na bastola. Mwaka 1986 aliyarudia hayo mbele ya tume ya serikali. Wengi hawakumsadiki. Lakini alama za kipigo zilikuwa mwilini mwake katika sinema ile ile waliyolipia kuitazama! Alifariki mwaka 2002, baada ya ajali ya gari.

Nasi walimu wazee tusijione bora. Zamani zetu msichana akipata mimba alifukuzwa shule, mvulana akaendelea na mtihani. Barua ya kumfukuza tuliiandika sisi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Siku hizi, hata hapa Engutoto, picha ya aibu ya binti wa mtu yaweza kupita simu hata simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuisambaza. Ikitufikia, tuifute. Naye akija ibadani Jumapili, tumsogezee nafasi kwenye benchi letu.