Ndege, Waya na Moto: Nani Aulizwe?



Swali letu safari hii lasikika kama kitendawili, lakini watu wamekufa kwa jambo lenyewe. Ndege ametua juu ya nguzo ya umeme. Mabawa yake yamegusa waya mbili kwa pamoja, ameungua, ameanguka penye nyasi kavu. Nyasi zimeshika moto, na moto umefika kwenye nyumba za watu. Nani aulizwe?

Tarehe 12 Aprili 2014, siku ya Jumamosi, moto ulizuka juu ya mji wa bandari wa Valparaíso, nchini Chile. Mji ule umejengwa juu ya vilima vinavyotazama bahari, na kule juu, karibu na msitu, ndiko waliko wengi wa maskini, katika nyumba za mbao na bati zilizobanana kandokando ya makorongo. Upepo ulivuma kwa nguvu. Watu 15 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,500 ziliteketea. Wachunguzi walipotafuta chanzo walitaja ndege wala mizoga, mfano wa tumbusi wetu, walionaswa na umeme wakaanguka chini wakiwaka.

Wala haikuwa Chile peke yake. Nchini Marekani watafiti walihesabu mioto ya porini 44 iliyoanzishwa na ndege walionaswa na umeme kati ya mwaka 2014 na 2018.

Pengine msomaji atashangaa, kwa kuwa kila siku twaona kunguru wamejipanga juu ya waya wala hawadhuriki. Ni kweli. Ndege akishika waya mmoja tu, umeme hauna njia ya kupita mwilini mwake. Hatari huja anapogusa waya wa pili, au chuma kilichounganishwa na ardhi. Ndiyo maana ndege wakubwa wenye mabawa mapana huumia zaidi, na ndiyo maana penye transfoma, ambapo waya hukaribiana, hata ndege mdogo aweza kufa. Na kwa nini atue hapo? Kwa sababu mahali pengi nguzo ndiyo kitu kirefu kilichobaki. Mti tuliukata sisi.

Basi, turudi kwenye swali. Sisi tuliofundisha sarufi miaka mingi twaijua vizuri kauli ya kutendeka. Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi, "Nimekivunja." Husema, "Kikombe kimevunjika." Huwezi kumwita mwongo, maana kikombe kimevunjika kweli, ila mvunjaji ametoweka katika sentensi. Watu wazima nasi tuna ustadi huo huo. Moto umewaka, nyumba zimeungua. Na tukibanwa tutaje mtenda, twamtaja ndege, ambaye hawezi kuitwa barazani, au twasema ni kazi ya Mungu. Hili la pili latuudhi zaidi. Kumbebesha Mungu waya ulioachwa wazi na fundi si ucha Mungu hata kidogo.

Torati yaliona jambo hili mapema. Katika Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo ndiye alipaye. Sheria haiulizi kama punda alikuwa akitazama njia. Sura hiyo hiyo yaeleza habari za ng'ombe apigaye watu pembe: akiua mtu bila tabia hiyo kujulikana, mwenyewe haadhibiwi, lakini kama alikwisha kuonywa asimzuie, hukumu yake ni nzito. Tofauti kati ya hao wawili ni kujua. Fundi wa kwanza aliyesimika nguzo hakujua habari za tumbusi. Wa leo wanajua.

Wanajua na dawa yake pia. Waya hutenganishwa, kwa kipimo cha sentimeta 150 pale wanapotua ndege wakubwa kama tai, sehemu zilizo wazi karibu na transfoma huvikwa vifuniko visivyopitisha umeme, nyasi hufyekwa. Hispania ilitoa amri ya serikali mwaka 2008 ya kuwalinda ndege na nyaya za umeme. California sheria yataka nguzo za aina fulani, katika sehemu zenye hatari ya moto, zisafishwe pande zote kwa umbali wa mita 3 hivi.

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipuuza. Nguzo ni nyingi mno, na nchi nyingi ni maskini. Shilingi iliyonunua kifuniko haikununua waya wa kupeleka taa katika zahanati ya kijiji kinachofuata, ambako mama anajifungua kwa mwanga wa tochi. Anayesema hivyo si mtu mbaya. Lakini nguzo hazilingani. Ile yenye transfoma, katika nyasi kavu, na nyumba zikiwa juu yake mlimani, haiwezi kungoja zamu sawa na ile iliyo katikati ya shamba la mpunga.

Tena, gharama haikwepeki. Hubadilisha mlipaji tu. Vifuniko vikitiwa katika bei ya umeme, kila mwenye taa atatoa senti chache. Visipotiwa, atalipa yule wa kilimani, atalipa kwa nyumba yake, na labda hana hata balbu moja. Waya umepita juu ya paa lake kuelekea kwa wengine. Hapo ndipo tunaposhindwa kuiita ajali.

Wengine mnamkumbuka tumbili wa Kenya, tarehe 7 Juni 2016, aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kuizimia umeme nchi nzima kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, watu wakacheka. Lakini hata wenye kituo, katika kueleza, walizungumza habari za uzio wao. Walijua swali liko wapi.

Kwetu nguzo zinazidi kuingia vijijini mwaka hata mwaka, na nyingine zimesimama mashambani mwetu. Vifuniko na waya ni kazi ya wenye umeme, na tukiona ndege wamekufa chini ya nguzo ile ile mara mbili tatu, yafaa tukawaambie, kwa maandishi, ili wasiseme hawakuonywa. Juu ya nguzo hatupandi. Nyasi za chini ni zetu, na kiangazi kinakaribia.