Jicho ni Amana, na Tongo si Jambo Dogo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho kabla hatujajua kumwomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, twataka kusema juu ya jicho litokalo matongo, jambo ambalo wengi hulidharau.

Wako kati yetu waamkao kope zimegandana, wakaenda kwa jirani kutaka dawa aliyoisaza. Wako wamtiao mtoto maziwa ya mama jichoni, na wengine mate, na wengine chai. Wakiulizwa, husema: "Twamtegemea Mungu." Huko si kutegemea. Mtume ametuamrisha tujitibu, naye alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Basi jueni ya kwamba macho mekundu si maradhi mamoja. Yale yaliyoenea katika miji yetu ya pwani mwezi wa Januari 2024 yalinasibishwa na virusi. Hayo aghlabu hutoa maji maji, tena hupoa yenyewe, na dawa ya bakteria haiyafai kitu. Ya bakteria aghlabu hutoa usaha mzito wa manjano au kijani. Walakini dalili huchanganyika, na mwenye kupambanua ni tabibu.

Mgonjwa na anawe mikono kwa sabuni. Achemshe maji, yapoe, achovye pamba safi, afute kutoka pembe ya pua kwenda nje, mara moja, kisha aitupe. Na kila jicho liwe na pamba yake. Akipewa marhamu, aitie ndani ya kope ya chini, ncha isiguse jicho, na amalize siku alizoambiwa ijapokuwa ameona nafuu. Wala asitumie dawa ya mwenziwe. Ziko dawa zenye steroidi, ambazo huondoa wekundu upesi, na huku kidonda kilichomo juu ya mboni chazidi kula.

Taulo lake, mto wake na leso yake visishirikiwe. Na wanja je? Kupaka wanja ni katika mila njema. Lakini kijiti kimoja kupita macho ya nyumba nzima si sunna, ni kugawa maradhi.

Mwenye maumivu makali, au aumizwaye na mwangaza, au aonaye ukungu, au mwenye doa jeupe juu ya mboni, asingoje kesho. Na aliyevimba jicho akawa na homa ni vivyo hivyo.

Sasa nawasemeza wazazi khasa. Mtoto asiyetimiza siku 28, akitoka usaha machoni, ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali saa ile ile. Huenda ameyapata maradhi hayo katika kuzaliwa kwake, kutokana na kisonono au klamidia iliyo kwa mama. Na kisonono chaweza kuitoboa mboni kwa muda wa siku chache tu. Hapo baba na mama nao hutibiwa pamoja. Na hapa ndipo wengi huingiwa na haya, wakaficha, wakasema ni upepo, wakaendelea na maziwa ya mama mpaka mtoto akawa kipofu. Haya gani hii? Haya iliyo tawi la imani humzuia mtu na uovu. Haimzuii kumwokoa mwanawe. Mtoto huyo hakutenda dhambi yoyote. Na mkunga atakapo kumpaka mtoto marhamu ya tetrasaiklini machoni mara azaliwapo, msimkatalie. Hiyo ni kinga.

Ndugu zangu, neema hizi tutaulizwa juu yake. Yule baba aliyeficha, atajibu nini mbele ya Mola wake, na mwanawe ashikwa mkono kuongozwa njia?

Ewe Mola, tuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na utupe haya iliyo ya kweli. Amin.