KIDONDA KISICHOONEKANA

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tangu vita vya 1996 na 1998 mpaka kuanguka kwa Goma na Bukavu mwaka 2025, ni nyumba gani hapa Kivu ambayo haikulia? Wafu tuliwazika, majeruhi tukawapeleka hopitali. Lakini kuna kidonda ambacho hatukukifunga. Mtu amesimama kwenye safu, upepo unapiga mlango, naye anakata swala na kukimbia. Mwingine kila usiku anaota yale yale. Baba aliyekuwa mpole anampiga mtoto kwa sababu ya sahani iliyoanguka. Risasi zimenyamaza mtaani kwake, ila mwili wake ungali kwenye zamu, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba adui ameondoka.

Na sisi tunasema nini? Eti ana jini. Eti imani yake ni ndogo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni sunna, hakuna anayekataa. Kumfunga kamba na kumnyima chakula ni dhulma. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kupima imani yake?

Na Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Hira akitetemeka, Bibi Khadija (r.a.) alimfunika mpaka hofu ikamtoka, akamsikiliza, akamkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu. Hakuanza kwa kumhubiria!

Kazi ya msaikolojia haiko mbali na hiyo. Hatoi dawa ya kusahau. Anakusaidia kuyasema yaliyokupata, polepole, mpaka akili ikubali kwamba ni mambo ya jana. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kivu kwa wanawake walionajisiwa. Miezi sita baada ya tiba ya kikundi, waliobaki na huzuni nzito au wasiwasi walikuwa 9 kati ya 100. Kwa waliopewa msaada wa mmoja mmoja tu, walikuwa 42. Na walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, bali wanawake wa huku huku waliofunzwa.

Wewe ambaye mke wako alinajisiwa, usimfukuze. Dhambi si yake. Hapa Bukavu, Hopitali ya Panzi inawapokea kina mama hao tangu 1999, inatibu mwili na nafsi. Mpeleke wewe mwenyewe, umngoje pale nje mpaka atoke.

Wabillahi tawfiq.