MVUA YA MAWE, BIMA NA KUMTEGEMEA ALLAH



Shukrani zote zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mvua zetu hapa Kabondo-Dianda huanza mwezi wa kumi na kwenda hadi mwezi wa nne. Kati yake ipo inayokuja na mawe. Robo saa inatosha: mahindi yamechanika, mabati membamba yametoboka, na upepo umeondoa paa la majani la jirani. Sasa swali. Mwislamu anayejitayarishia msiba huo, akaweka fedha kando au akakata bima, je, imani yake imepungua?

Wapo wanaosema ndiyo. Kwao, lililoandikwa litafika tu, na mwenye kujikinga anashindana na Qadar. Maneno haya yana sura ya uchamungu lakini hayana elimu. Mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kuelekea Qadar nyingine ya Allah huyo huyo. Basi na msumari uliopigwa vizuri katika bati ni Qadar. Na muhogo uliopandwa kando ya mahindi pia, maana mawe hukata majani yake lakini chakula kimebaki chini ya udongo.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Mawe yakimpiga fulani, wanasema ameadhibiwa. Au wanamtafuta mzee mmoja wa mtaa na kusema ndiye aliyeyatuma. Hili ni baya kuliko paa lililotoboka. Mawe ni matone ya maji yaliyobebwa juu na upepo mkali ndani ya wingu, yakaganda kwa baridi ya huko, yakazidi uzito, yakaanguka kwa amri ya Mola wake. Hayachagui nyumba. Mtume (S.A.W.) alipoona wingu zito uso wake ulibadilika kwa hofu, lakini hakumnyooshea mtu kidole. Na mvua ilipozidi Madina, mtu akaja kulalamika kwamba mali zinaharibika na njia zimekatika, hakumwambia anyamaze avumilie. Aliinua mikono akaomba mvua iende vilimani na mabondeni.

Sasa bima, ambayo wengine wanaita asiransi. Katika nchi yetu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa SONAS peke yake tangu 1966. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, nayo yakaanza kupewa ruhusa 2019. Lakini wanazuoni wa Baraza la Fiqhi waliokutana Jeddah Desemba 1985 waliona kwamba bima ya biashara ina gharar kubwa: unalipa usijue utapata nini, na kampuni inapokea isijue itatoa nini. Wakaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Sheikh Mustafa az-Zarqa alikuwa na rai nyingine, aliiruhusu, na hakuwa mtu mdogo katika fiqhi. (Bima ya gari inalazimishwa na sheria, hiyo ina maneno yake.) Waislamu wa Sudan walianzisha kampuni ya bima ya kusaidiana 1979, na Kenya ikapata ya kwake 2011.

Sisi wenye nyumba za matofali mabichi tufanye nini? Likelemba tunaijua wote. Lakini katika likelemba kila mtu anangoja zamu yake. Ninachosema hapa ni sanduku lisilo na zamu, linalofunguliwa kwa aliyepigwa tu. Kabila la Ash'ari walipopungukiwa chakula walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu.

Mtu atauliza: nikitoa franki zangu huku natumaini nami nitasaidiwa, bado ni sadaka? Swali zuri. Ninavyoona, tofauti iko hapa: mwaka ukipita bila mawe, je, utadai fedha zako zirudi? Anayedai alikuwa ananunua. Asiyedai ametoa, hata kama moyo wake ulitumaini, kwa sababu kutumaini si kosa.

Kuna la pili, nalo ni zito zaidi. Sisi Waislamu hapa ni wachache. Mjane Mkristo ambaye ukuta wake unapakana na wetu, mawe yakivunja paa lake, sanduku lifunguliwe? Wengine wamekwisha kuniambia hapana, kwa kuwa hakuchangia. Mimi nasema haki ya jirani haikuwekewa sharti la mchango wala la dini. Lakini fedha si zangu peke yangu. Wenye rai wabaki leo baada ya sala, akina mama pia, tukubaliane nani atashika daftari, nani atashika ufunguo, na mjane huyo tutamwambia nini, kabla mwezi wa kumi haujafika.