Bwana, Unakwenda Wapi? Kwa Baiskeli Kwenye Njia ya Appia



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tuzungumze kuhusu kukimbia. Sio mbio za mchakamchaka. Nazungumzia kule kuondoka mahali pagumu: kuacha kazi, kuacha wito, kuacha nyumba, kuacha nchi. Je, kukimbia ni dhambi? Nimelisikia swali hili likijibiwa haraka haraka kwenye semina nyingi za vijana, na karibu kila mara jibu linaegemea hadithi moja. Mtume Petro anatoroka Roma wakati wa mateso ya Kaisari Nero, njiani anakutana na Bwana, anageuka, anarudi mjini kufa. Halafu mhubiri anatunyooshea kidole: "Na wewe kijana, Yesu anakuuliza, unakwenda wapi?"

Sasa, hadithi hiyo ina barabara yake, na barabara ipo mpaka leo. Inaitwa Via Appia. Ilianza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo na Appius Claudius, kwanza hadi Capua, baadaye ikafika Brindisi kwenye bahari. Kipande kinachotoka Roma kimo ndani ya hifadhi ya mkoa wa Lazio iliyoanzishwa mwaka 1988, zaidi ya hekta 3,000 za mashamba, makaburi ya kale, misonobari na matao marefu yaliyobeba maji ya mji. Mwaka 2024 njia yenyewe iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Mimi niko Roma kwa masomo, na Jumapili moja ya mwezi wa tano tuliikata kwa baiskeli za kukodi, mimi na dada mmoja Mkenya tunayesali naye parokia moja. Yeye anafanya kazi ya kutunza wazee.

Nimshukuru kwanza mtu ambaye hatumtaji kwenye sala zetu: mwandishi wa habari Antonio Cederna. Kuanzia mwaka 1953 alipiga kelele magazetini dhidi ya matajiri waliokuwa wanajijengea majumba juu ya makaburi ya kale. Bila ukaidi wake, pale tungekuta kuta na mageti tu.

Ukitoka lango la Mtakatifu Sebastiani, kama kilomita moja hivi, unakuta kanisa dogo upande wa kushoto. Watu wanaliita Domine Quo Vadis, yaani "Bwana, unakwenda wapi?" Ndani kuna jiwe lenye alama za nyayo mbili, ni nakala, jiwe lenyewe liko basilika ya Mt. Sebastiani mbele kidogo. Msiniletee ugomvi, lakini wataalamu wengi wanaona jiwe hilo ni nadhiri ya msafiri mpagani wa zamani. Hata kisa chenyewe hakimo kwenye Injili. Kimetoka katika Matendo ya Petro, andiko la karne ya 2 ambalo Kanisa halikulipokea katika Biblia, ingawa Mt. Ambrosi alikisimulia kwa heshima katika mahubiri yake. Mimi nakipokea kama urithi wa mababu. Babu akikuhadithia jambo, humwambii alete risiti.

Ila nilipokaa kwenye benchi la kanisa lile nikaona kitu ambacho semina zetu zimekigeuza. Anayeuliza swali ni Petro! Yesu hamwulizi Petro anakwenda wapi. Petro ndiye anayemwuliza Bwana, na Bwana anajibu kwamba anakwenda Roma kusulubiwa tena. Basi. Hakuna karipio, hata neno "mwoga" halimo. Petro anaona tu kwamba Bwana anaelekea kule ambako yeye anatoka, kwa wale watu aliowaacha nyuma.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiulizwa "unakwenda wapi" na mtu mwenye kidole, utajitetea. Ukiuliza wewe, itabidi usubiri jibu, na jibu laweza kuwa tofauti kwa kila mtu.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu Maandiko yamejaa watu waliokimbia na hawakukosea. Yosefu alimchukua mtoto na mama yake usiku akaenda Misri. Paulo alishushwa ukutani Damasko ndani ya kapu. Bwana mwenyewe aliwaambia mitume wakiteswa mji huu wakimbilie mji mwingine. Baadaye Tertuliani wa Kartago, Mwafrika mwenzetu mwenye kalamu kali, aliandika kwamba Mkristo hana ruhusa kabisa ya kukimbia mateso. Lakini wakati huo alikuwa ameshavutwa na kundi la Wamontano, na Kanisa halikumfuata. Mt. Atanasi wa Aleksandria alifukuzwa na kujificha mara kadhaa, akaandika kabisa utetezi wa kukimbia kwake. Na Mt. Sipriani, askofu wa Kartago, alijificha mwaka 250, watu wakamsema sana, hata mapadre wa Roma. Miaka minane baadaye walipotaka kumpeleka Utika akauawe huko, alijitenga tena, safari hii kwa sababu alitaka kufa Kartago, mbele ya watu wake. Wakamkata kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mtu huyohuyo, sababu tofauti.

Aliyenisaidia zaidi ni Mt. Agostino. Wavandali walipokuwa wanaivamia Afrika Kaskazini, askofu mwenzake Honorato alimwuliza kama mapadre waruhusiwe kukimbia. Agostino hakujibu ndiyo wala hapana. Kwa maneno yangu, alisema hivi: kama anayetafutwa ni wewe peke yako, na wapo wengine wa kuwahudumia waamini, kimbia, kama Paulo na kapu lake. Kama hatari ni ya wote, na wapo wasioweza kuondoka ambao watakosa huduma ukiondoka, kaa. Swali lake halihusu ujasiri wako. Linahusu atakayebaki bila mtu.

Na hapa niseme waziwazi, maana najua wanaosoma hapa. Dada unayepigwa ndani ya nyumba, wewe si Petro wa kanisa lile. Kijana unayeishi na mtu anayekudhulumu, hata kama ni ndugu, hata kama anaimba kwaya, ondoka. Wewe ndiye unayetafutwa. Kapu lipo, panda. Asije mtu akakurudisha kwa hadithi ya Via Appia.

Haya, turudi barabarani. Baada ya kanisa tulifika makatakombe ya Mt. Kalisto, yanayotunzwa na Wasalesiani wa Don Bosco. Wengi tumefundishwa kwamba Wakristo walikuwa wanaishi mle wakijificha. Sivyo. Ni makaburi, sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, ndiyo maana njia nzima imepangwa wafu kushoto na kulia. Mle chini kuna chumba walimozikwa mapapa tisa wa karne ya 3. Mmoja wao, Sisto wa Pili, alikamatwa makaburini akiwa katikati ya waamini, baada ya Kaisari Valeriani kupiga marufuku mikutano ya namna hiyo. Aliuawa tarehe 6 Agosti 258 na mashemasi wanne. Angeweza kukaa kando wiki ile. Lakini watu wake walikuwa na wafu wao, na wafu huombewa palepale walipo.

Karibu kabisa na hapo yapo machimbo ya Ardeatine. Tuliegesha baiskeli, tukaingia kimya. Tarehe 24 Machi 1944 wanajeshi wa Kijerumani waliwaua watu 335 ndani ya yale mapango. Kati yao alikuwemo padre mmoja, Don Pietro Pappagallo. Kazi yake wakati wa vita ilikuwa kuwasaidia waliosakwa, Wayahudi na wanajeshi waliotoroka, akiwatafutia vyeti bandia na mahali pa kulala ili wakimbie. Akasalitiwa. Nilikaa muda mrefu mbele ya kaburi lake. Mtu huyu aliwapa wengine njia ya kukimbia, na yeye akabaki ili njia hiyo isifungwe. Ukimsoma Agostino halafu ukamwangalia Don Pietro, huhitaji maelezo mengine.

Kuanzia kaburi la Cecilia Metella, mnara wa mviringo wa karne ya 1 kabla ya Kristo, lami inakwisha na mawe meusi ya volkano yanaanza. Hapo baiskeli inakutikisa mpaka meno yanagongana. Wenyeji hupita pembeni kwenye udongo, na sisi tukafanya hivyohivyo. Mwaka 1960, usiku wa tarehe 10 Septemba, Abebe Bikila wa Ethiopia alipita kwenye njia hii ya Appia miguu mitupu, askari wakimulika kwa mienge, akielekea mjini kushinda marathoni ya Olimpiki. Nchi yake ilikuwa imevamiwa na Italia mwaka 1935, na sasa Mwethiopia anaingia Roma mbele ya watu wote. Dada yule akacheka: "Huyu ndiye alikuwa anakwenda upande sahihi!"

Tulipumzika chini ya misonobari, tukala mkate na machungwa. Hapo ndipo nilipomwambia jambo langu. Masomo yangu yanaisha mwezi wa saba. Nimepata nafasi ya kazi hapahapa Roma, mshahara mzuri. Nyumbani, Mbinga, baba ana kisukari na mguu mmoja umeanza kuoza kidole. Mama anambeba peke yake. Mdogo wangu mmoja ameolewa Njombe na ana mtoto mchanga, mwingine yuko bweni kidato cha pili. Kila mwezi natuma fedha za insulini.

"Sasa kaka, ukirudi, hizo sindano utanunua na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema ninavyoongea ni kama kila aliyeko Ulaya ametoroka. Bibi anayemtunza ana miaka 91, na kila asubuhi anauliza kama mwanaye wa Milano amepiga simu. "Mimi pia nina mama Kakamega. Namwogesha mama wa mwingine ili wa kwangu ale. Hebu niambie, Bwana anaelekea wapi hapo?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa lile la wavivu, kwamba Mungu yuko kila mahali kwa hiyo popote ni sawa. Ni kweli yuko kila mahali. Lakini Petro alikutana naye akienda upande mmoja, sio pande zote.

Nilipompimia kwa kipimo cha Agostino, niliona ya kwake ni tofauti na yangu. Mama yake ana dada zake wawili pale pale bomani; kinachokosekana ni fedha, na yeye anaileta. Bibi wa Roma hana mtu mwingine. Kwangu ni kinyume. Kazi ile ya Roma ataipata mtu kabla wiki haijaisha, wapo waombaji wengi. Kule Mbinga wa kumnyanyua baba kitandani ni mama, na mgongo wa mama umeshaanza kukataa. Fedha naweza kuituma kutoka mbali. Mgongo siwezi kuutuma.

Tulirudisha baiskeli saa kumi na moja jioni. Usiku nikapiga simu nyumbani. Baba hakuniuliza nitarudi lini, hajawahi kuniuliza. Aliuliza kama huko kuna milima, na kama breki za hizo baiskeli za Wazungu zinashika.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu ile barua ya kazi. Nimeshajibu, nimewashukuru na kuwaambia sitaipokea. Kuhusu insulini, shule moja ya jimbo imeniahidi vipindi kuanzia mwezi wa nane. Mshahara ni mdogo kuliko kodi ya chumba changu hapa, na mdogo wangu wa Njombe amesema atachangia akivuna viazi. Hesabu bado haijakaa sawa, nawaombeni sala zenu.

Dada yule anabaki. Jumatatu asubuhi aliingia zamu saa moja, akanitumia ujumbe kwamba bibi ameuliza tena, na kwamba safari hii amempigia simu yule mwana wa Milano yeye mwenyewe.